Kitabu cha Likizo na Msikilizaji wa Nyumbani

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni au Desemba, mwanafunzi wa sekondari aghalabu hurudi kwao akiwa na kitabu cha Kiingereza mkobani. Ameagizwa akisome, aandike muhtasari, aorodheshe wahusika na sifa zao, na pengine achore jalada jipya ili kazi yake ipate kuitwa ya ubunifu. Shule zikifunguliwa, madaftari hukusanywa na kusahihishwa. Tunathubutu kusema kwamba desturi hii, ijapokuwa ina nia njema, mara nyingi hukiacha kitabu pale pale mkobani.

Muhtasari huweza kunakiliwa kutoka kwa mwenzake au katika kijitabu cha maelezo. Jalada huweza kuchorwa na mtu aliyesoma kurasa mbili tu. Wengi humlaumu mwanafunzi kwa uvivu. Sisi twaona kosa liko katika kazi yenyewe, kwa kuwa haina msikilizaji. Inaandikwa kwa ajili ya mwalimu, ambaye kitabu anakijua tayari, wala haimlazimishi mwandishi wake kumfahamisha mtu yeyote jambo lolote. Na huko nyumbani, likizo nzima, wapo bibi, wajomba na wadogo zake ambao huenda wangependa kujua kilichomo kitabuni, lakini hakuna aliyemwagiza awasimulie.

Tunao mfano bora wa usomaji wa namna nyingine. Mwaka 1963, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa tayari Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Kazi hakuiona kuwa imekwisha, kwani mwaka 1969 ilitoka tafsiri iliyosahihishwa, yenye jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ilitoka pia Mabepari wa Venisi.

Hebu wanafunzi walitazame jina hilo la mwisho. Kwa Kiingereza tamthilia inamtaja mfanyabiashara mmoja. Kwa Kiswahili wametajwa wengi, nao wameitwa mabepari, neno ambalo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibeba uzito wa siasa nzima ya nchi. Je, mfasiri amemtendea haki Shakespeare? Mfanyabiashara ni Antonio, aliyeweka ratili ya nyama ya mwili wake kuwa dhamana ya mkopo. Shylock ndiye mkopeshaji. Jina la Kiswahili linawatia wote katika kapu moja. Kwa maoni yetu limefichua jambo na kuficha jingine. Limefichua kwamba mji mzima unaishi kwa faida. Limeficha upweke wa Shylock, Myahudi anayedharauliwa na hao hao wanaozihitaji fedha zake. Mwanafunzi anayeweza kubishana juu ya neno hilo moja ameisoma tamthilia kuliko aliyejaza kurasa kumi za muhtasari.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile kwa Kiswahili mwaka 1969, na mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiingereza, kwa tafsiri yake mwenyewe. Kwa Kiswahili neno maji ni la mtungini, ni la dawa ya mganga, na ni la jina la Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kiingereza hakina neno moja linaloyabeba yote matatu. Darasa la Kiingereza likizisoma tamthilia hizo mbili sambamba, litajifunza uwezo wa kila lugha na mipaka yake.

Kwa hiyo twapendekeza kazi ya likizo iwe hivi. Mwanafunzi achague onyesho moja au sura moja, aifasiri katika lugha inayosemwa nyumbani kwao, kisha awasomee au awasimulie watu wa nyumbani. Ayaandike maswali watakayomwuliza. Mwisho aeleze, kwa Kiingereza, ni neno gani lililomshinda, ni swali gani lililomkwamisha, na kitabu kinajibu nini. Palipo na nakala chache, kitabu kimoja chaweza kuhudumia wanafunzi kadhaa wa mtaa mmoja, kila mmoja na onyesho lake.

Wako watakaosema kwamba somo la Kiingereza ni la Kiingereza, na kwamba kufasiri kutawadhoofisha wanafunzi. Hofu hiyo twaielewa, maana mtihani hauwasubiri. Hata hivyo, anayesoma kwa ajili ya muhtasari huruka neno asilolijua, naye mfasiri hana pa kuruka. Sentensi asiyoielewa itamwumbua mbele ya bibi yake, ambaye hatoi alama wala haoni haya kuuliza, “Sasa huyo mtu alikubalije kukatwa nyama kwa ajili ya deni?”

Swali hilo ni la uhakiki halisi. Kama elimu yetu ya sekondari inamtenga kijana na watu wake kila anapofungua kitabu, basi inampunguzia kwa mkono mmoja inachomwongezea kwa mwingine. Walimu wenzetu, tuwape vijana vitabu vya likizo, tena vingi. Lakini pamoja na kitabu tuwape na mtu wa kumsimulia.