Kopo la Mwisho Lililoiharibu 504

Kazi ya bati kwenye Peugeot 504 zinazofufuliwa siku hizi kati ya Kitale na Bungoma ni safi: kutu imekatwa, sakafu imechomelewa, prima imepigwa msasa wa maji mpaka kiganja hakishiki kitu. Kosa linakuja rangi ikishashika, pale fundi anapofungua kopo la klia, ile vanishi angavu ya juu. Gari ambalo kiwandani lilipewa nyeupe au buluu ya solidi, isiyo na punje ya metaliki, linafunikwa tabaka la kioo na kutoka gereji likimeta kama la kuagizwa mwezi uliopita. Wenye kupita husifu, mwenye gari hulipa kwa moyo mkunjufu. Mimi nasema hapo ndipo ufufuaji ulipovunjika, na sababu zake zinapimika.

Tuanze na jicho. Rangi ya hatua moja hubeba pigmenti na mng'ao katika tabaka lilelile, hivyo mwanga hukutana na pigmenti mara tu unapogusa gari. Klia huizamisha pigmenti hiyo chini ya mikroni 40 au 60 za plastiki ngumu, na unachokiona kwanza ni mawingu na nguzo za stima, rangi baadaye. Kwenye gari la leo lenye mbavu za mviringo hakuna kinachopotea. 504 ilitoka mikononi mwa Pininfarina mwaka 1968 na uzuri wake wote umo kwenye mistari: buti linalovunjika ghafla kuelekea chini, pembe za taa za mbele, ukingo mwembamba wa ubavuni. Rangi iliyo maji hukimbia ncha na kutuama kwenye mabonde. Kiwanda kilifanya kazi na tabaka za jumla ya mikroni 100 hadi 150 hivi. Gereji inayoweka prima nzito, rangi, kisha klia mara tatu juu ya rangi ya zamani ambayo haikukwanguliwa inapita 300 bila taabu. Halafu linatokea ganda la chungwa, yaani uso wenye vinundu, fundi analisawazisha kwa msasa, na zile ncha zilizobaki nazo zinakwenda.

Watetezi wa klia wana hoja moja yenye uzito, nayo ni jua. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mionzi inayokula rangi huongezeka kwa karibu asilimia kumi kila unapopanda mita 1,000. Klia nzuri ina kemikali za kuifyonza mionzi hiyo, na kila mtu anakumbuka 504 za matatu zilivyopauka paa. Ni kweli zilipauka. Lakini angalia namna kila rangi inavyokufa. Solidi huota unga juu. Ukipitisha kompaundi unaondoa mikroni chache zilizochoka na rangi ile inarudi, mwaka huu na miaka mitano ijayo tena. Klia ikichoka hubanduka kwa mabaka, maji ya mvua yakaingia pembeni mwa baka, na hapo hakuna kompaundi inayosaidia: ni kukwangua paneli nzima na kuanza upya. Tena magari haya hayaishi kwenye lami tupu. Jiwe la murram kwenye njia za mashamba ya Saboti, au kutoka Chwele kupanda Kapsokwony, likitoboa solidi unagusa kwa brashi, unasawazisha, unabafu, kwisha. Likitoboa klia linaacha duara jeupe, na mvua inayoanza Machi haitoki mpaka Oktoba.

Wengine husema selulosi, ile rangi ya hatua moja ya zamani, haipatikani kirahisi, inakunywa tina, na hewa ikiwa na unyevu inageuka maziwa juu ya bati. Yote sawa, na simlazimishi mtu selulosi. Kuna tu-paki ya hatua moja: rangi ya solidi inayochanganywa na hadina, inang'aa yenyewe bila klia, na uimara wake mbele ya jua na petroli unaizidi selulosi mbali sana. Hiyo ndiyo rangi ya kuchagua, kwa makoti membamba. Ila hadina hiyo ina isosianeti, sumu inayoweza kumwachia fundi pumu ya maisha, na kitambaa puani hakizuii chochote. Inataka barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Gereji isiyo na bomba hilo ibaki na selulosi, ijipe muda. Mafundi wa enzi ya selulosi walikuwa nao muda huo: koti jembamba juu ya koti jembamba, wiki za kungoja rangi inywee, ndipo wakaikata kwa mkono. Nani anangoja wiki leo?

Wapo watakaonionyesha 504 ya metaliki ya kiwandani. Kama sahani ya namba za rangi inasema metaliki, weka metaliki na klia yake, hakuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na wanaochanganya rangi bila kuitazama sahani, wakapeleka dukani kifuniko cha tangi kilichochomwa na jua miaka thelathini kiwe sampuli. Rangi ya kweli imejificha chini ya mazulia na nyuma ya mpira wa mlango. Kwenye zile zilizokuwa matatu ilijificha pia chini ya mstari wa njano wa Februari 2004, agizo lililozipaka sura moja gari zote za abiria nchini. Ukiukwangua mstari ule polepole unakuta 504 kama ilivyotoka Mombasa kwa Associated Vehicle Assemblers. Wengi wanaupitishia mashine ya msasa kwa dakika mbili.

Klia hiyohiyo sasa imehamia kwenye Land Rover za Series za mashamba ya Trans Nzoia, na huko ni vibaya zaidi, maana bodi ni aluminiamu. Aluminiamu inataka prima ya asidi kwanza, na wanaokimbilia mng'ao huiruka. Kampuni yenyewe ilipoanza kufufua Series I mwaka 2016 iliwapa wanunuzi rangi za enzi ile, zikiwemo kijani cha shaba na kijivu cha njiwa, zote solidi. Na Nissan, wenye uwezo wa kupaka chochote, wanayo Datsun 240Z namba 11 aliyoshinda nayo Edgar Herrmann mbio za magari za Safari za 1971. Wameiacha na mibonyeo yake ya Afrika Mashariki.