Lugha ya Kusikia na Lugha ya Kusoma: Filamu Fupi na za Hali Halisi katika Tamasha la Nchi za Jahazi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuitazama filamu kwa jicho la upande. Tamthilia ina nadharia zake, riwaya ina wahakiki wake, na hadithi fupi, ijapokuwa ni mtoto wa kambo, hupewa walau sura moja katika vitabu vya uhakiki. Filamu inapojadiliwa, mjadala huwa wa soko la filamu za Kibongo, maadili ya vijana au athari za Nollywood. Maneno yanayosemwa na wahusika hupita bila kusikilizwa. Makala haya yanashughulikia eneo dogo zaidi na lililosahauliwa zaidi, yaani filamu fupi na filamu za hali halisi zinazotengenezwa na watu huru, nje ya makampuni makubwa, na ambazo maisha yake hasa ni ya matamasha. Hoja yetu ni kwamba katika filamu hizi Kiswahili kimewekwa katika hali ambayo riwaya na tamthilia hazijakiweka: kinasemwa kwa hadhira moja na papo hapo kinasomwa, kwa Kiingereza, na hadhira ya pili. Mhakiki asiyeizingatia hali hiyo atakuwa amehakiki nusu ya matini.

Mfano wetu mkuu ni Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoasisiwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na ambalo tangu mwanzo lilijitambulisha kuwa Tamasha la Nchi za Jahazi. Jina hilo lina hoja ndani yake. Linachora ramani isiyofuata mipaka ya mataifa bali njia za kaskazi na kusi, na katika ramani hiyo Kiswahili ni lugha ya mwenyeji, si lugha ya mgeni aliyealikwa. Hata hivyo, filamu zinazotajwa hapa si za tamasha hilo peke yake. Baadhi ni za ukanda huu kwa jumla, na moja ni kongwe kuliko tamasha lenyewe.

Maonyesho makuu ya tamasha hufanyika Ngome Kongwe, katika ukumbi wa wazi ulio ndani ya kuta zilizojengwa na Waomani. Wenyeji wa Mji Mkongwe huketi bega kwa bega na wageni, waamuzi wa tuzo na wanunuzi wa filamu. Inapoonyeshwa filamu ya Kiswahili katika hadhira ya aina hii, kicheko hakiwezi kuwa kimoja. Wanaosikia hucheka neno linapotamkwa. Wanaosoma hucheka baadaye, au hucheka mapema kwa kuwa maandishi yamemtangulia mwigizaji, au hawacheki kabisa. Tofauti hiyo ya nukta chache ni jambo la kifasihi, kwa kuwa inatuonyesha ni sehemu gani ya mazungumzo imekaa katika lugha na ni ipi imekaa katika kisa tu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ulio mwepesi kabisa. Kijana anamwamkia tajiri wake shikamoo, naye tajiri ananyamaza. Msikilizaji wa Kiswahili ameshaona tusi. Marahaba iliyokosekana ni tendo zima la kitamthilia. Msomaji wa maandishi ya chini ameona salamu ikifuatiwa na kimya, na huenda akadhani kwamba tajiri hakusikia. Hapa hatusemi kwamba tafsiri haiwezekani. Tunasema kwamba mwandishi wa filamu, akijua kuwa filamu yake itapimwa na wasomaji hao, huanza kuandika Kiswahili cha kutafsirika: sentensi fupi zisizo na methali, zisizo na mafumbo, zisizo na heshima ya umri wala utani wa ukoo. Huo ndio udhaifu mkubwa wa filamu nyingi fupi za Kiswahili zinazoandaliwa kwa ajili ya matamasha. Picha zake ni nzuri, sauti imesafishwa, lakini wahusika wanazungumza kama watu waliokutana jana.

Anwani za filamu ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, maana anwani huandikwa kwa hadhira zote mbili kwa pamoja. *Pumzi* ya Wanuri Kahiu (2009) ni filamu fupi ya Kenya ya ubunifu wa kisayansi, juu ya jamii inayoishi chini ya ulinzi mkali baada ya vita vya maji. Mazungumzo yake ni machache na ni ya Kiingereza; jamii inaitwa Maitu, neno la Kikikuyu; Kiswahili kimebaki katika anwani na katika jina la mhusika mkuu, Asha. Mtu angeweza kusema upesi kwamba Kiswahili hapa ni kikoi cha kuvalia picha. Sikubaliani naye. Neno pumzi linabeba nasaba ya maneno ambayo filamu inaifuata bila kuitamka: kupumua, kupumzika, kukata pumzi. Asha anaishi mahali ambapo hata jasho lake husafishwa anywe, na mwishowe anautoa mwili wake uwe maji na kivuli cha mche. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, tendo hilo la mwisho linamaliza maana ya anwani pande zote, uhai na mapumziko. Kwa msomaji wa tafsiri limebaki upande mmoja. Kwa hiyo filamu isiyo na Kiswahili kinywani inaweza kuwa na Kiswahili cha kina kuliko filamu inayokizungumza mwanzo mpaka mwisho.

*Subira* ya Sippy Chadha (2007) inatumia njia nyingine. Ni filamu fupi ya msichana wa Lamu anayetaka kuishi apendavyo katika jamii inayomtarajia aenende kwa staha. Jina lake ni nusu ya methali. Kila anapoitwa, hadhira inaimalizia moyoni kwamba huvuta heri, na papo hapo inamwona mtoto asiyekuwa na subira hata chembe. Kejeli hiyo imekamilika kabla hajasema neno. Inaweza kuelezwa kwa asiyejua Kiswahili, lakini haiwezi kumpata kwa ghafla, na kejeli iliyoelezwa imekwisha ladha.

Kinyume chake ni *As Old as My Tongue* (2006), filamu ya hali halisi ya Andy Jones juu ya Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Anwani yake ni kipande cha msemo wa Kiingereza wa kukwepa swali la umri. Inamfaa mwanamke ambaye hakuna aliyeujua mwaka wake wa kuzaliwa, na kutajwa kwa ulimi kunamfaa mwimbaji. Lakini ni werevu wa Kiingereza uliokabidhiwa mwimbaji wa taarabu na mwalimu wa unyago, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa ni kusema kwa mafumbo ya Kiswahili. Filamu yenyewe ina heshima na mapenzi kwa Bi Kidude. Hilo halina ubishi. Swali ni la fanani na hadhira. Katika unyago hadhira huteuliwa: wari, makungwi na wanawake waliokwisha kupitia mafunzo. Kamera haina uteuzi huo. Inapoingia katika elimu ya namna hii inambadilisha fanani kuwa mtoa habari, na mafumbo yake kuwa mambo ya kufafanuliwa. Wahakiki wa fasihi simulizi wamelijadili tatizo hili kwa miaka mingi kuhusu uandikaji wa ngano na nyimbo. Linastahili kujadiliwa upya hapa, kwa kuwa filamu inachukua pia uso, sauti na jasho.

Kwa filamu za hali halisi kwa jumla, swali la kwanza la mhakiki liwe hili: nani anaulizwa kwa lugha gani? *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper (2004), juu ya biashara ya sangara Mwanza, ilizua ghadhabu Tanzania, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Mabishano yale yalihusu ukweli wa madai ya silaha na sura ya nchi. Lililoachwa ni la lugha. Mlinzi wa usiku, mmoja wa watu wanaokumbukwa zaidi katika filamu ile, anazungumza na mwongozaji kwa Kiingereza. Mtu anayejieleza kwa lugha isiyo ya nyumbani kwake husema kwa maneno makavu, na ukavu ule, mbele ya hadhira ya Ulaya, ukageuka kuwa ukatili au msiba usio na kina. Angeulizwa kwa Kiswahili pengine angesema mambo yaleyale. Lakini angekuwa na nafasi ya kukwepa, kufanya mzaha na kumsema mwulizaji, na hizo ndizo njia ambazo mtu mnyonge huonyesha akili yake.

*Wahenga* ya Amil Shivji na Rebecca Corey (2018), juu ya wanamuziki wakongwe wa zilipendwa, inafaa kuwekwa kando yake. Anwani peke yake ni uhakiki. Katika Kiswahili wahenga ni watu wasioonekana: husema, hunena, huambiwa walisema, wala hakuna anayewauliza wanakula nini. Filamu inawapa jina hilo watu walio hai, wenye ala mikononi, na hivyo inaibua swali la namna jamii inavyowaheshimu wasanii wake kwa kuwahamishia mapema upande wa marehemu.

Shivji huyo ndiye mwongozaji wa *Shoeshine* (2013), filamu fupi inayokaa na mvulana mng'arisha viatu jijini Dar es Salaam huku wateja wa matabaka mbalimbali wakija na kuondoka. Muundo huu ni wa hadithi fupi hasa: mahali pamoja, msikilizaji mmoja, sauti nyingi. Wateja wanazungumza juu ya kichwa cha mvulana, kwa maana zote mbili. Anachokijua kuhusu taifa lake amekipata akiwa ameinama. Lugha inafanya kazi ya kutenganisha matabaka bila msaada wa msimulizi, na hadhira ya Dar es Salaam humtambua mtu kwa namna anavyochanganya lugha kabla ya kumtambua kwa kiatu chake. *Kibera Kid* ya Nathan Collett (2006), yenye dakika 12 tu, inafanya jambo la karibu na hilo kwa lugha ya vijana wa Kibera. Otieno, yatima wa miaka 12 aliye katika genge, ana lugha ya genge na ana lugha ya mtoto, na uamuzi anaotakiwa kuufanya unasikika kwanza katika kupishana kwa lugha hizo. Wahakiki wanaoiona Sheng kuwa uharibifu wa Kiswahili wangefaidika kuisikiliza katika dakika hizo.

Zipo pia filamu zinazolipiwa na ujumbe. *Chumo* (2011), iliyotengenezwa Tanzania na Media for Development International, ni kisa cha mapenzi katika kijiji cha wavuvi kinachobeba elimu ya malaria kwa wajawazito. Inajiokoa kwa sababu mapenzi yake yana uzito wake yenyewe. Nyingi za aina yake hazijiokoi. Mjadala wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba waliuendeleza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikwisha kuonyesha kwamba ujumbe hupokewa pale jamii inapoutamka yenyewe. Filamu za wafadhili zimerudi nyuma ya mjadala huo: mhusika anasimama na kusema bango la zahanati. (Lihamba, kwa bahati, aliigiza katika *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001 kama Samehe, mwanamke aliyeacha kusema, ukimya ule una Kiswahili kingi kuliko mahubiri ya filamu kumi.)

Mulvihill alikuwa ameshafanya kazi na Nangayoma Ng'oge katika *Arusi ya Mariamu* (1985), filamu fupi ambayo ingepaswa kuwa katika kila mtalaa wa fasihi ya Kiswahili. Mariamu ni mgonjwa, anaogopa waganga, na safari ya filamu ni ya kuelekea uganga. Anwani inaahidi arusi na inaleta tiba. Asiyejua kwamba tiba ya jadi inaweza kuwa sherehe ya kuunganishwa atadhani amedanganywa.

Tatizo la hadhira mbili lina historia nyingine ambayo matamasha yameisahau. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam filamu za kigeni zilipokewa kwa sikio, si kwa maandishi. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizitafsiri na kuzisimulia kwa Kiswahili, akiongeza majina, utani na mafunzo. Kenya, DJ Afro amefanya kazi ya namna hiyo. Yule alikuwa fanani kamili, na mtazamaji hakudaiwa kusoma ndipo aelewe. Tamasha la Zanzibar limekuwa likipeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba, na huko ndiko hoja hii inakogusa maisha ya watu: filamu ya Ethiopia au ya India yenye maandishi ya Kiingereza, ikionyeshwa ukutani mbele ya bibi asiyesoma Kiingereza, ni picha tupu. Sanaa ya Lufufu ingewahudumia watazamaji wale kuliko mashine yoyote. Kipaza sauti kimoja, na mfasiri aliyekabidhiwa filamu siku chache kabla, vingetosha kwa jaribio la kwanza. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zipeleke mwanafunzi mmoja kurekodi yatakayosemwa, kwa kuwa tafsiri hiyo nayo ni matini, na bado hatujaanza kuihakiki.