Jeti haikuwa na kosa

Kutanua tundu la jeti kubwa kulikuwa kosa, na sitalizungushia maneno. Mliokuwepo kijiweni Nyankumbu, pale Geita, mliona wenyewe: mashine ya kukatia majani iliyookolewa kwenye chuma chakavu, Honda yenye injini ya GXV160, ikawaka kwa choki, ikapanda na kushuka, na choki ilipofunguliwa ikazima. Fundi akashusha bakuli la kabureta, akaitoa jeti, akanoa ncha ya spoku ya baiskeli na kuizungusha ndani ya tundu mpaka unga wa brasi ukaonekana kidoleni. Injini ilipoitika bila choki, watu walishangilia. Hapakuwa na cha kushangilia.

Nusu ya kwanza ya hesabu yake ilikuwa sawa. Injini inayotaka choki muda wote inakosa petroli, au inavuta hewa isiyopita mahali pake. Lakini tundu lile ndilo lililotoka kiwandani, na injini ilifanya kazi nalo miaka yote kabla ya kutupwa. Brasi haijibani yenyewe. Kama njia imekuwa nyembamba, kuna kitu kimeingia ndani, nacho ni utomvu wa petroli iliyokauka mashine ikiwa imelala. Kitu hicho huondolewa, na njia inabaki na kipimo chake.

Na tundu halitanuki kwa kadiri jicho linavyodhani. Chukua tundu la milimita 0.7. Ukilifikisha 0.9 umeongeza milimita 0.2 tu, lakini eneo la kupita petroli limekua kwa asilimia 65 hivi. Spoku haina kipimo hata hicho; inaacha tundu lenye mikwaruzo, pana upande mmoja, ambalo hakuna anayeweza kulirudisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili limefanyika kwetu huku, nyanda za juu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Geita iko juu ya ziwa. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, wakati jeti inamwaga petroli karibu ileile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito hata kabla hujagusa kitu. Honda wanasema injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na kwa anayeishi juu sana wanashauri jeti ndogo zaidi. Fundi wetu alikwenda njia ya kinyume.

Ushahidi ulikuja palepale, ila shangwe ziliuzima. Akseli iliporudishwa chini, mashine ilizima tena. Sailensi hailishwi na jeti kubwa. Ina jeti yake ndogo, yenye tundu jembamba kuliko yote ndani ya kabureta, na ndiyo inayoziba kwanza. Hakuigusa. Moshi mweusi uliofuata na plagi iliyotoka na masizi vilikuwa jibu tosha, lakini tayari alikuwa anafunga boliti za mwisho.

Plagi aliipima vizuri, chujio la hewa alilisafisha, kisu alikinoa pande zote mbili sawasawa. Kazi safi.

Kabla ya spoku palikuwa na mambo ya bure kabisa. Legeza kifuniko cha tanki: injini ikitulia, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Fungua boliti ya bakuli uone kama petroli inashuka kwa mfululizo. Kagua gasketi kati ya kabureta na injini, maana ikipasuka huleta dalili hizohizo. Kisha toa jeti zote mbili, ziloweke, zipulize kwa upepo, na kama lazima uchokonoe, tumia uzi mmoja wa waya wa umeme. Shaba nyekundu ni laini, haili ukuta wa tundu.

Nimeshaandika sana kuhusu petroli ya chupa za maji barabarani, na nitaandika tena. EWURA walipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011, uchakachuaji ulibanwa, lakini vumbi na maji kwenye chupa havina kinasaba. Vinaishia ndani ya bakuli, na lawama inaangukia jeti.

Wazee waliojifunzia karakana za mgodi wa almasi wa Mwadui wasingefanya hivi. Baada ya vita vya Kagera spea zilipokosekana nchi nzima, wao ndio waliokuwa na sababu halali ya kuchonga jeti. Niliowafahamu waliziba kwa risasi, wakatoboa upya kwa keekee nyembamba iliyopimwa, wakajaribu, wakarudia. Leo jeti za GX160, ndugu wa injini hii anayevuta maji kwenye mashimo ya dhahabu, zinapatikana kirahisi, na hatuna subira ya kusafisha moja.

Mwenye mashine asikate majani nayo kwanza. Anunue jeti yenye namba ileile iliyogongwa kwenye ya zamani, azibue ya sailensi, kisha amwage oili na kuweka mpya, kwa sababu petroli iliyozidi imeshaosha ukuta wa silinda na kushuka chini.