Pongezi kwa Wasomaji wa DNA ya Fangasi

Februari 2016, masuke ya ngano nchini Bangladesh yalipauka kabla ya kukomaa, na punje zikasinyaa. Maelfu ya hekta yaliathirika. Ulikuwa ugonjwa wa blasti ya ngano, ulioonekana kwanza Brazili mwaka 1985 na ambao haukuwahi kuripotiwa Asia. Fangasi wake, Magnaporthe oryzae, ana koo nyingine zinazoshambulia mpunga. Je, alihama kutoka mpunga wa jirani, au aliletwa kutoka mbali? Hadubini haikuweza kujibu, kwa kuwa koo hizo hufanana kama mapacha.

Tofazzal Islam wa Bangladesh, Sophien Kamoun wa Maabara ya Sainsbury, Uingereza, na wenzao walisoma taarifa za urithi moja kwa moja kutoka majani yaliyougua. Wakaziweka hadharani bila kungoja kuchapisha, ili wataalamu popote wasaidie kuzichambua. Mwaka uleule jibu likapatikana: ukoo wa Amerika Kusini. Mwaka 2023, ulinganisho mpana ulionyesha kwamba ukoo huohuo ulifika Zambia kwa safari yake tofauti, na kwamba jeni ya ngano iitwayo Rmg8 huukinga mmea dhidi yake.

Nasaba ya fangasi ikijulikana, mkaguzi hujua shehena ya kuizuia na mtafiti wa mbegu hujua kinga ya kutafuta. Hongereni sana, wasomaji wa DNA. Mnalinda chakula chetu, na serikali zetu ziwape maabara na vijana wa kuwarithi.