Kipimo, Skeli na Kizidisho: Uhakiki wa Istilahi za Kuoanisha Picha ya Ramani ya Nyumba na Jengo Halisi

Makala hii inahakiki lugha ya Kiswahili inayotumika kueleza hatua moja ya usanifu majengo: kuingiza picha ya ramani ya nyumba katika programu ya kuchorea na kuipa ukubwa unaolingana na jengo halisi. Hoja kuu ni kwamba agizo kama “badilisha kipimo cha picha” hulibebesha neno moja dhana tatu, na gharama ya utata huo hulipwa katika ujenzi.

Dhana ya kwanza ni kipimo, yaani urefu wa kitu chenyewe, mathalani ukuta wa mita 10. Ya pili ni skeli, yaani uhusiano kati ya urefu wa karatasini na urefu halisi, kama 1:100. Ya tatu ni kizidisho, yaani namba ambayo ukubwa wa picha huzidishwa nayo baada ya kuingizwa. Picha ni mkusanyiko wa pikseli. Haibebi mita za jengo. Ukuta wa mita 10 ukisomeka mita 2.5 katika programu, kizidisho ni 4. Mwanafunzi aliyeambiwa “weka skeli”, naye akaandika 100 kwa kuwa ameona 1:100 pembeni mwa ramani, atapata ukuta wa mita 250.

Kosa hilo huonekana mara moja. Lililo hatari zaidi ni lile linalofanana na ukweli. Ramani ya 1:100 iliyochorwa kwenye karatasi ya A3 ikipunguzwa hadi A4 huwa takribani 1:141, ilhali maandishi ya pembeni husalia 1:100. Anayeyaamini maandishi hayo ataupata ukuta wa mita 10 ukiwa na mita 7.1, na sakafu ya mita za mraba 100 itahesabiwa kuwa 50. Vigae vitakavyonunuliwa vitatosha nusu ya nyumba.

Programu zenyewe hazitumii sitiari moja. AutoCAD humruhusu mchoraji kutaja urefu wa sasa na urefu unaotakiwa, kisha hutafuta kizidisho yenyewe. SketchUp hulitekeleza jambo hilo kwa zana yenye jina la futikamba. Kwa fundi, futikamba husoma urefu, haiubadilishi. Kuitafsiri zana hiyo kwa jina lake tu kunaficha kazi yake ya pili. Sweet Home 3D humtaka mtumiaji achore mstari juu ya picha na kuandika urefu wake halisi. Utaratibu huu ndio unaoeleweka kwa wepesi zaidi kwa Kiswahili, kwa sababu unaanzia kwenye kipimo kinachojulikana.

Hata hivyo, agizo la “chagua urefu unaojulikana” nalo lina upungufu, kwani halisemi ni urefu upi. Mchoraji akikosea kwa milimita 20 anapobofya ncha za mlango wa milimita 900, kosa ni takribani asilimia 2.2, likihamia kwenye ukuta wa mita 10, linafikia milimita 222. Kosa lilelile likifanyika kwenye ukuta wenyewe ni asilimia 0.2 tu. Aidha, picha iliyopigwa kwa simu huweza kupinda, hivyo urefu ukawa sahihi na upana usiwe sahihi. Kizidisho kimoja hakiondoi kasoro hiyo. Sharti upande wa pili nao upimwe.

Huenda ikadaiwa kwamba ufundi hujifunzwa kwa mikono, si kwa istilahi. Dai hilo lina ukweli, lakini programu haimkosoi mchoraji: hupokea 4 na 100 kwa utiifu uleule. Kinachobaki kumwongoza ni maneno aliyofundishwa nayo. Kwa hiyo inapendekezwa kipimo kibaki kwa urefu halisi, skeli kwa uhusiano wa karatasini, na kizidisho kwa namba ya kukuza au kupunguza. Tendo lenyewe liitwe kuoanisha picha na kipimo halisi. Agizo kamili litasomeka hivi: “Oanisha picha kwa kutumia ukuta mrefu zaidi wenye kipimo kilichoandikwa, kisha hakiki kwa ukuta unaokingamana nao.” Sentensi hiyo ni ndefu kuliko “weka skeli”, lakini inamfikisha fundi kwenye nyumba iliyokusudiwa.