UTAFITI NI MALI YA NANI?
Uhakiki wa fikra ya kubiasharisha elimu ya vyuo

Katika vyuo vikuu na vituo vyetu vya utafiti liko neno linalotajwa sana siku hizi: kubiasharisha utafiti. Maana yake ni kwamba mtaalamu akivumbua jambo, chuo chake kiandikishe hataza, kitafute kampuni, kiuze, na fedha zirudi chuoni. Wako wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba utafiti usiouzika haufai. Sisi tunaofundisha siasa hapana budi tuichambue fikra hii, maana kila fikra ina upande inaoutumikia.

Fikra hii haikuzaliwa kwetu. Mwaka 1980 Marekani ilipitisha sheria iliyoviwezesha vyuo vikuu kumiliki uvumbuzi uliofanywa kwa fedha za serikali na kuyakodishia makampuni. Kujifunza kwa wengine si kosa. Kosa ni kuiga bila kutazama mahali ulipo. Basi tutazame hapa tulipo, Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria.

Kusini mwa mji wa Mwanza, wilayani Misungwi, kipo kituo cha Ukiriguru, kilichoanza kazi ya pamba miaka ya 1930. Herufi UK katika mbegu za UK 77, UK 91 na UKM08 zinatokana na jina hilo. Mkoloni hakukianzisha kwa kumpenda mkulima wa Usukumani. Alitaka pamba kwa ajili ya viwanda vya Uingereza. Hata hivyo, mbegu zenye kustahimili wadudu wafyonzao majani, na baadaye ugonjwa wa mnyauko, zilimfikia mkulima. Zilimfikiaje?

Pamba ikichambuliwa kwenye jineri, nyuzi huenda kusokotwa na mbegu hubaki. Mbegu hizo ndizo zinazorudi shambani msimu unaofuata. Kwa hiyo kila aina ilipangiwa eneo lake, na pamba ya eneo hilo ikachambuliwa peke yake. Wakulima nao waliunda chama chao kikuu cha ushirika, VFCU, mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, na ushirika ukapata majineri yake. Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Malipo yalichelewa mara nyingi, na vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Tunachosema ni kwamba palikuwa na mpango wa kuilinda mbegu.

Katika msimu wa 1994/95 soko la pamba lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Wenye majineri waligombea pamba popote ilipopatikana. Malori yalibeba pamba ya eneo moja na kuichambua katika eneo jingine, na mbegu zikachanganyika. Kazi ya miaka mingi ya wataalamu ikaharibika, wala hakuna hataza iliyovunjwa. Kila mmoja alifuata faida yake, na jumla ya faida hizo ikawa hasara kwa mkulima. Funzo la kwanza ni hili: utafiti haumalizikii maabara. Unahitaji mpango wa kuufikisha na kuulinda, na soko peke yake halina mpango huo.

Mfano wa pili ni wa afya. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hapa Mwanza, pamoja na chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki cha London, ilianza kupima chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana 930 wa umri wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV ya aina ya 16. Matokeo haya na ya tafiti nyingine, ikiwamo ya Kenya, yalilisaidia Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwaka 2022. Tanzania ikaanza kutoa dozi moja mwaka 2024.

Sasa tuwaulize wenzetu: matokeo haya yangeuzwa kwa nani? Bidhaa yake ni kwamba nchi maskini inunue dozi chache zaidi na kuwafikia wasichana wengi zaidi. Faida ya mwuza chanjo hutokana na wingi wa dozi. Ukitumia kipimo cha kuuzika, utafiti huu haufai. Ukitumia kipimo cha uhai wa wananchi, ni miongoni mwa tafiti bora. Basi kilicho kibovu ni kipimo.

Lakini tusitumbukie katika kosa la pili, la kudhani kwamba kila biashara ni dhambi. Ripoti inayoliwa na mchwa kabatini haimtumikii mfanyakazi wala mkulima. Fundi akitengeneza mashine kutokana na uvumbuzi wa chuo, haki yake ni kuiuza, na mvumbuzi apate sehemu yake. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa shughuli za namna hiyo. Hata hivyo kichanja cha kuanikia dagaa ni miti na wavu tu. Hakina hataza ya kuuza, lakini humwezesha mama wa mwaloni kuuza dagaa wasio na mchanga. Elimu hiyo hufikishwa na mgani, si na kampuni.

Nchi yetu ina sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu ya mwaka 2012, na mwaka 2015 ilijiunga na UPOV. Basi kituo cha umma kinachopewa haki ya mbegu kiishike kama mlinzi, kisiishike kama mwenye duka.

Makada na wanafunzi, kila mkisikia utafiti unabiasharishwa, ulizeni maswali matatu. Kwanza, nani aliulipia, kwa kodi, kwa makato ya mazao au kwa mwili wake? Pili, je, aliyeulipia atalipishwa tena ili autumie? Tatu, utafiti usio na mnunuzi utagharimiwa na nani?

Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa kwenye ufuko wa ziwa hili hili, lilitaka mtu apate kazi na wananchi kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo haupo tena. Swali lake lipo: msomi anawajibika kwa nani? Jibu la Mwanza linaanzia kwa mkulima wa pamba, mama wa mwaloni na wasichana wale 930.