Kusoma Wema Hawajazaliwa Zamu ya Usiku

Kwenye semina tuligawiwa vikaratasi vya manjano, vile vya kubandika ukutani, tukaambiwa kila mtu aandike kwa nini huamka asubuhi kuja kazini. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Nilikuwa naamka saa kumi jioni. Lakini nani anataka kuwa yule mtu wa kuharibia wengine? Nikaandika "kuwasaidia wateja". Dada aliyeketi kando yangu aliandika "kodi ya nyumba", akakikunja, akachukua kingine, akaandika "kukua". Mkufunzi alipita akivisoma kwa sauti huku akipiga makofi. Alisema mtu akishapata kusudi lake, kazi haimchoshi tena.

Hiyo ilikuwa kampuni ya kupokea simu za wateja hapa Nairobi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekataa kabisa kupatikana, na nilishukuru kupata kiti, kompyuta na hedifoni zilizonuka jasho la mtu wa mchana. Wiki mbili baada ya semina, msimamizi wetu, mtu mpole kweli, alikuja kusimama nyuma yetu. Mwezi unaisha, akasema, na malalamiko ambayo hayajashughulikiwa yamejaa. "Wasee, hizi tiketi za zaidi ya siku saba fungeni tu. Andikeni imetatuliwa. Mteja akipiga tena, mnafungua mpya."

Moja ya zangu ilikuwa ya mama aliyelipa mkopo wake wa simu na bado akawa anadaiwa. Alikuwa amepiga mara tatu. Kila mara aliniita "kijana yangu". Nilimwambia, "Mama, tunashughulikia." Usiku huo nilibonyeza "imetatuliwa" na nikaenda kunywa chai.

Nasimulia haya kwa sababu ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipokutana na Wema Hawajazaliwa. Nilikinunua kwa wale wauzaji wa vitabu vya kuinama, mjini, kikiwa hakina jalada la nyuma. Nilikuwa nimekisikia kikitajwa kama kitabu cha ufisadi Ghana. Ni kweli, ni cha ufisadi. Ila mimi nilikisoma kama kitabu cha kazi, na nadhani ndivyo kinavyofaa kusomwa na sisi tunaobandikiwa neno "kusudi" ukutani.

Ayi Kwei Armah alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1968, The Beautyful Ones Are Not Yet Born. Mhusika mkuu ni karani wa reli, miaka ya mwisho ya utawala wa Nkrumah. Armah hampi jina. Kazi yake ni kufuatilia treni zilivyo njiani, hii iko wapi, ile isubiri wapi, zisije zikagongana. Ukifikiria vizuri, hiyo ni kazi yenye maana kuliko zetu nyingi. Watu hawafi kwa sababu yeye yuko macho. Lakini ofisini hakuna anayeiona hivyo. Mafeni yanazungusha joto lilelile, makarani wanangoja saa ziishe, na wanaopanda ngazi ni wale waliojifunza kula.

Jioni moja anakuja mfanyabiashara wa mbao. Magogo yake yanaoza msituni kwa kukosa mabehewa, na yuko tayari kutoa kitu kidogo. Karani anakataa. Hatoi hotuba, hamtaji Mungu, hamtishi mtu na polisi. Anakataa tu, na yule tajiri anabaki ameduwaa kama aliyeambiwa maji hayalowi. Kinachouma ni kwamba anayetoka pale akijisikia mkosaji ni aliyekataa. Anafika nyumbani, anamweleza mkewe Oyo, na Oyo anamfananisha na chichidodo, ndege anayechukia kinyesi lakini chakula chake ni funza wanaokaa humohumo.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimekaa mwezi mzima nikijiambia kwamba sikuwa na la kufanya. Karani naye hakuwa na la kufanya. Ana watoto, ana mshahara unaoisha kabla ya mwezi, na bado alifanya.

Kuna kipande kingine nakirudia mara kwa mara, cha mbao ya kushikilia kwenye ngazi za ofisi. Inasafishwa, inapakwa rangi ya kung'arisha, lakini kila mkono unaopita unaacha uchafu wake, na mbao yenyewe inaoza kutoka ndani. Rangi haiwezi kushinda. Baada ya kukisoma sikuweza tena kuviangalia vile vikaratasi vya manjano bila kuiona hiyo mbao.

Na si kwamba wazo lenyewe la kujituma kazini ni la kijinga. Mwaka 1990 mtafiti Mmarekani, William Kahn, aliandika makala ambayo wengi huitaja kama chanzo cha mazungumzo haya yote. Aliwachunguza wafanyakazi wa kambi ya likizo na wa kampuni ya wasanifu majengo, akiuliza ni wakati gani mtu hujiweka mzima ndani ya kazi na wakati gani hujitoa akabakisha mwili tu kitini. Alipata masharti matatu. Kazi iwe na maana. Mtu awe na nguvu za mwili na akili za kuifanya. Na la tatu, awe salama, yaani aweze kuonyesha alivyo na anavyofikiri bila kuogopa kwamba jina lake au kazi yake itaharibika.

Semina yetu ilichukua la kwanza ikaacha mengine mawili mlangoni. Dodoso maarufu la Gallup lina maswali 12. Linauliza kama una rafiki wa dhati kazini, linauliza kama lengo la kampuni hukufanya uone kazi yako ni muhimu. La kwetu lilikuwa mtoto wa hilo. Hakuna mahali lilipouliza: je, mwezi huu umeambiwa uandike jambo ambalo si kweli? Ungefanya nini ukikataa? Karani wa Armah ana maana ya kazi tele. Alichokosa ni usalama wa kuwa mwaminifu bila kuadhibiwa na ofisi, na mtaa, na kitanda chake mwenyewe. Hiyo huwezi kuitafuta moyoni mwako kwa kalamu na kikaratasi. Mwenye kuweza kukupa ni yule anayekulipa.

Tuje kwa lugha, maana nilikisoma kwa Kiswahili. Mfasiri ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka uleule wa 1968 kitabu kilipotoka, yeye aliandika kijikaratasi Kenya: Twendapi?, kikamtia jela hadi 1972. Alikuwa na miaka 22. Kwa hiyo unaposoma habari za mtu anayelipia kukataa kwake, ujue aliyezitafuta sentensi hizo kwa Kiswahili alikuwa amelipa bei kubwa kuliko karani.

Jina alilolichagua kwa kitabu limenikalia kichwani. Kwa Kiingereza neno la uzuri limeandikwa kimakosa makusudi, kama lilivyochorwa kwenye basi mwisho wa hadithi. Kwa Kiswahili kosa hilo limepotea, na mimi nalililia kidogo, kwa sababu lilikuwa na mkono wa mchoraji wa matatu ndani yake. Lakini tumepata kitu. "Wazuri" wangekuwa wa kutazamwa. "Wema" ni wa kutenda. Na angalia kiambishi: si wema "haujazaliwa", ni wema "hawajazaliwa". Wema wenyewe, kama tabia, upo tayari, karani anao. Wanaongojwa ni watu, kwa wingi. Ndiyo maana mmoja peke yake ofisini anaonekana mwendawazimu.

Sasa ugomvi wangu na kitabu. Chinua Achebe alimlaumu Armah kwamba huzuni yake si ya Ghana, ni ya kuazima kutoka Ulaya. Mimi hilo silioni, pengine kwa kuwa nimepanda matatu za saa kumi na moja alfajiri. Langu ni Oyo. Armah anamtumia kama sauti ya tamaa, mwanamke anayetaka kung'aa kama wake wa mawaziri. Lakini nani anayepika kwa huo mshahara msafi? Nani anayesimama dukani akihesabu sarafu? Karani ananunua usafi wake kwa pesa ambazo nusu yake ni za Oyo, na hakumuuliza. Mwishoni, mapinduzi yakitokea na waziri Koomson akilazimika kutoroka kwa kupitia tundu la choo, Oyo anamtazama mumewe kwa macho mapya. Ni kama kumwambia: uliona sasa? Kwangu huo ni ushindi wa bei rahisi. Je, kama serikali isingeanguka?

Nauliza kwa sababu mimi nina Oyo wangu. Mshahara ule ulikuwa unamlipia mdogo wangu shule, na mamangu hakuwahi kuniuliza ninafanya nini usiku. Aliuliza kama nimekula. Ningemwambia nimekataa kufunga tiketi ishirini, angenielewa? Nadhani angenielewa, halafu angekaa kimya, halafu angeuliza karo itatoka wapi. Hayo maswali mawili yana haki sawa, na kitabu kinaliheshimu moja tu.

Hata hivyo, msome. Kina kurasa za uvundo ambazo zitakufanya uache chakula, na mara nyingine Armah anarudia jambo hadi unataka kumwambia bro, tumeskia. Lakini sijakutana na riwaya nyingine inayojua vizuri hivyo jinsi saa nane za ofisi zinavyomla mtu asiyeamini anachokifanya, na jinsi zinavyomla hata anayeamini.

Mimi sikujiuzulu kishujaa. Kibarua kiliota nyasi mkataba ulipoisha, kwa barua pepe ya mistari minne iliyonishukuru kwa mchango wangu. Siku ya mwisho, kabla hawajanifungia mfumo, niliifungua tena ile tiketi ya mama, nikafuta "imetatuliwa", nikaandika alichoniambia, tarehe zote tatu alizopiga. Sijui kama kuna aliyeisoma. Nilichelewa miezi minne, na siku hiyo hakukuwa tena na kitu cha kunifanya.